Je, SP humnyima mama mjamzito kinga yake?

Wakunga wa kliniki za wajawazito hapa Tanga huniuliza mara kwa mara: ikiwa mwili huijua malaria kwa kuugua, je, SP (sulfadoxine-pyrimethamine), dawa wanayomeza wajawazito ili kuzuia malaria, haimnyimi mama kinga yake?

Swali hilo lina msingi. Mwanamke aliyekulia Muheza ana kinga aliyoijenga tangu utotoni, lakini mimba ya kwanza huleta kiungo kipya, yaani kondo la nyuma, na pamoja nacho maficho mapya ya vimelea vya Plasmodium falciparum. Chembe nyekundu ya damu iliyoingiliwa na kimelea hutokeza protini iitwayo VAR2CSA, ambayo hunata kwenye aina ya sukari iliyomo katika kondo, kwa hiyo chembe hiyo haipiti kwenye bandama ambako ingechujwa. Kingamwili za kuizuia protini hiyo hupatikana baada ya kukutana nayo. Ndiyo maana kifungua mimba huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na uzito pungufu kuliko wadogo zake. Nimewahi kuona kipimo cha damu ya kidoleni kikisema mama hana malaria, kisha kondo lake chini ya darubini likawa na madoa meusi ya vimelea, mfano wa masizi.

Ni kweli kwamba baadhi ya tafiti zimekuta kingamwili hizo zikiwa chache kwa waliomeza SP. Lakini kingamwili nyingi mara nyingi ni risiti ya maambukizi yaliyokwisha kupita kwenye kondo, na gharama yake hulipwa na mtoto.

Ninachokihofia mimi ni dozi kukatizwa, maana hapo mama hubaki bila dawa na bila kingamwili za kutosha. Huko Manhiça, Msumbiji, kati ya 2003 na 2012, malaria ilipopungua kingamwili za wajawazito nazo zilishuka, na walioambukizwa wakawa na vimelea vingi zaidi. Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani linashauri vidonge vitatu vimezwe mbele ya mhudumu katika kila hudhurio lililopangwa, kuanzia miezi mitatu ya kati ya ujauzito, dozi zikipishana angalau mwezi mmoja. (Asidi ya foliki, vitamini wanayopewa wajawazito, ikiwa ya miligramu 5 hudhoofisha SP, ya 0.4 haina tatizo.)

Chanjo mbili zilizotengenezwa kutokana na VAR2CSA, PAMVAC na PRIMVAC, zimeshajaribiwa kwa wanawake wasio wajawazito nchini Benin na Burkina Faso. Hadi zitakapothibitika, namjibu mkunga: mpe vidonge, na umwandikie tarehe ya kurudi.