Eponji laini nayo hukwaruza: dhana potofu za usafi mjini Goma

Kioo cha televisheni kikipata mikwaruzo, lawama humwangukia aliyesugua kwa nguvu. Nguvu ina mchango wake, lakini mkwaruzo huanzia kwenye punje iliyo ngumu kuliko kitu inachopita juu yake. Na hapa Goma punje hizo haziuzwi dukani pekee. Zinaingia zenyewe dirishani.

“Eponji laini haiharibu kitu”

Upande wa njano wa eponji ni laini, hilo kweli. Lakini vumbi jeusi la mji huu ni mawe ya volkano ya Nyiragongo, lava iliyoshuka hadi katikati ya mji mwaka 2002 na nyingine ya kale zaidi, iliyosagwa na magurudumu na kupondwa kwa ajili ya ujenzi. Madini yake mengi yana ugumu wa 5 hadi 6 kwenye kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 (laini kabisa) hadi 10 (ngumu kabisa). Kioo cha dirisha kiko karibu na 5.5. Alumini haifiki 3, na plastiki ya miwani ni laini vilevile. Ukipitisha eponji juu ya vumbi kavu, umejitengenezea msasa.

Kwa hiyo vumbi litoke kwanza, kusugua kufuate. Dirisha au paneli ya sola imwagie maji kutoka juu yashuke na mchanga, kisha ndipo upitishe kitambaa chenye maji ya sabuni, kutoka juu kwenda chini, bila kuzungusha. Tumia ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Ndoo ikiwa moja, mchanga ulioutoa unarudi na kitambaa. Paneli ioshwe asubuhi kabla haijapata moto, kwa sababu maji baridi juu ya kioo cha moto yanaweza kukipasua. Televisheni haimwagiwi maji: izime, pangusa vumbi kwa brashi laini, halafu kitambaa chenye unyevu kidogo tu.

“Ya kijani ni ya vyombo vyote”

Upande wa kijani wa eponji ni nyuzi za nailoni zilizogundishwa punje za kusugulia, mara nyingi oksidi ya alumini, yenye ugumu wa 9. Inakwaruza inoksi (chuma kisichoshika kutu), glasi, na utando mweusi wa kikaango kisichoshika chakula. Kikaango hicho kijaze maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, kikae dakika 20, kisha tumia upande wa njano. Ya bluu mara nyingi huwa ya upole zaidi, lakini rangi si sheria, na eponji za bei ndogo huchanganya watu. Zijaribu kwenye chupa tupu ya maji ya plastiki: ilowanishe, sugua mara tano, tazama kwenye mwanga. Ikiacha mistari, isiguse miwani, simu wala televisheni.

“Sufu ya chuma ndiyo mbaya kuliko zote”

Hili hushangaza wengi: sufu laini kabisa, namba 0000, ikiwa imelowa, kwa kawaida haikwaruzi kioo cha kawaida cha dirisha, ilhali ile ya kijani inaweza. Kwenye inoksi ndiko inakoleta hasara, maana vipande vyake vidogo hubaki juu ya chombo na kupata kutu, nawe ukadhani inoksi yenyewe ni feki. Mahali pake ni nje ya sufuria ya alumini yenye masizi. (Paka sabuni nje ya sufuria kabla ya kuiweka motoni, masizi yatatoka kwa maji.) Weusi wa ndani ya alumini si uchafu. Chemsha humo maji yenye maji ya limao, utafifia bila kusugua.

“Ile nyeupe inayofuta bila sabuni ina dawa kali”

Haina. Eponji hiyo ni povu la melamini, aina ya plastiki ngumu, lililotumika kupunguza sauti ndani ya majengo kabla ya kuingia jikoni. Formaldehaidi, kemikali yenye sumu, hutumika kulitengeneza, ila hufungwa ndani ya plastiki hiyo ngumu. Tatizo lake ni jingine: linasaga, kwa nyuzi ndogo usizoziona. Ukuta wa rangi ya mafuta hupoteza mng'ao, ule usiong'aa hubaki na doa linalong'aa, na kioo cha simu huvuliwa utando unaozuia mafuta ya vidole. Vanishi na rangi ya pikipiki hufifia vivyo hivyo. Usimsugue nalo mtoto, hata kama amejichora kalamu usoni, litamchubua.

Kata kipande cha sentimita 3, kilowanishe, kikamue kwa kukibana kati ya viganja, usikisokote. Jaribu pembeni pasipoonekana. Pita mara tatu au nne kidogo, kausha, kisha tazama ukiwa umesimama upande, si mbele, kwani ufifu hauonekani kwa mbele. Pangusa chembe zilizobaki.

“Madoa meupe kwenye glasi yanahitaji kusuguliwa zaidi”

Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi, na yakikauka huacha chokaa. Chokaa huyeyuka kwa asidi. Changanya siki na maji sawa kwa sawa, lowesha kitambaa, kibandike kwenye doa dakika 10, suuza. Usifanye hivyo kwenye marumaru wala sakafu ya saruji. Asidi hiyohiyo itaila. Na siki isikutane na javel (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) hata kidogo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu.

“Dawa ya meno huondoa mikwaruzo ya miwani”

Dawa ya meno nayo ina punje. Inasaga utando wa lenzi ulio kando ya mkwaruzo, na badala ya mstari mmoja unapata ukungu mzima.