Je, wajua? Mboga za kuoka bila ngano zinaweza kuwa krispi kuliko zenye ngano

Watu wengi wakisikia "bila gluteni", yaani bila ile protini ya ngano, akili inaenda moja kwa moja kwenye kitu kilicholegea, kinamomonyoka, hakina raha mdomoni, na mimi nilikuwa nawaza hivyohivyo mpaka mdogo wangu alipogundulika ana siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na gluteni, na ikabidi jiko zima liachane na ngano. Trei ya kwanza ya koliflawa niliyomuokea ilitoka tepetepe, chini unga umeganda kama uji, juu vumbi jeupe, akala vipande viwili kwa heshima tu akaweka uma chini. Iliniuma sana. Nikajiambia tatizo ni huu unga, hauna gluteni ndo maana. Kumbe gluteni haikuhusika hata kidogo.

Sasa swali lenyewe ni hili: mboga ikiokwa inakuwaje krispi, na gluteni ina mchango gani hapo? Mchango wake ni mdogo mno, na mara nyingi ndo inaharibu. Kazi yote inafanywa na wanga, na vita yote ni dhidi ya maji.

Kuna jaribio la zamani linaloonyesha hilo vizuri (kama nyumbani kuna mwenye siliaki usilifanye, soma tu inatosha). Unachukua kikombe cha unga wa ngano, unaukanda na maji kidogo upate donge gumu, unaliacha nusu saa, halafu unaliosha ndani ya bakuli la maji huku unalibonyezabonyeza taratibu. Maji yanageuka meupe kama maziwa, unamwaga, unaweka mengine, unaendelea hivyo mpaka yanakuwa karibu safi ya kuona chini, na mkononi umebakiwa na kipande kidogo cha kijivu kinachovutika kama mpira. Hicho ndo gluteni. Na ule weupe uliokuwa unamwaga ndo wanga. Mtaalamu mmoja wa Bologna, Jacopo Bartolomeo Beccari, aliandika kuhusu kuosha unga namna hii mwaka 1745, yaani hili jambo halina upya wowote.

Haya, kati ya ule mpira na ule unga laini uliotuama chini ya bakuli, kipi kikikauka kinavunjika kwa mlio? Gluteni inatokea pale protini mbili za ngano, gliadini na glutenini, zinapokutana na maji na kukandwa, zinashikana zinafanya wavu unaovutika. Kwa mkate huo wavu ni baraka manake unashika hewa na mkate unaumuka. Lakini kwa ganda jembamba juu ya kipande cha mboga hauhitaji kitu cha kuvutika, unahitaji kitu cha kuvunjika, na wavu ule unakamata maji na kufanya ganda liwe la kutafuna kama ngozi. Ndo maana hata wanaotumia ngano utawasikia wakionya usikoroge sana ule uji wa kuchovyea. Wanaikimbia gluteni wao wenyewe, ila hawaisemi kwa jina.

Kwa hiyo ukiitoa ngano umeondoa kikwazo. Sasa linabaki suala la maji, na hapa ndo pana mambo.

Mboga ni maji. Zukini ni kama asilimia 95 maji, koliflawa na biringanya kama 92, karoti kama 88. Na maji yana tabia moja ambayo ukiielewa umeelewa nusu ya upishi: yakiwa bado yapo kwenye kitu, hicho kitu hakipandi zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi, hata oveni umeiweka 220, kwa sababu joto lote linaloingia linatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Ile rangi ya dhahabu na harufu ya kitu kilichookwa vizuri inatokana na protini na sukari kushikana kwenye joto la juu, inaanza kushika kasi karibu na nyuzi 140, na inaitwa kwa jina la Mfaransa Louis Camille Maillard aliyeieleza mwaka 1912. Unaona tatizo? Ganda lenye maji limekwama 100, rangi inaanza 140. Mpaka juu pakauke kabisa, hamna rangi, hamna ukrispi, unapika mboga za mvuke ndani ya oveni.

Ila usije ukadhani basi maji yaondoke yote tangu mwanzo, manake hilo ndo kosa langu la pili. Nilikausha koliflawa kwa kitambaa mpaka ikawa kavu kau, nikaizungusha kwenye unga wa mchele mkavu, nikaoka. Ikatoka na vumbi lilelile, ukitafuna unasikia kama chokaa kwenye meno. Sababu ni kwamba punje ya wanga mbichi haiwezi kufanya ganda, lazima kwanza inywe maji na ipate joto, kuanzia nyuzi 60 na kitu hadi 70 na kitu kutegemea ni wanga wa nini, hapo inavimba, inapasuka, inalegea na kuungana na mwenzake kuwa utando mmoja. Halafu ule utando ndo ukauke. Ukikauka unakuwa mgumu na mwepesi kuvunjika kama kioo, na huo mlio unaousikia ukiuma ni kioo hicho kinapasuka. Kwa hiyo wanga unahitaji maji kidogo mwanzoni kisha yatoke yote. Maji kidogo ya juu, siyo yale mengi yaliyo ndani ya mboga. Ukishika hilo, mengine yote ni utekelezaji.

Na maji hayo ya juu mimi nayapata kwenye ute wa yai. Unaupiga kwa uma dakika moja hivi mpaka uwe na povu jepesi, unageuzia mboga humo, halafu ndo unga. Ute una maji ya kutosha kulainisha wanga na una protini inayoganda kwa joto na kukauka ikawa ngumu, kwa hiyo unafanya kazi ya gundi na ya ganda kwa pamoja. Asiyekula mayai anaweza kukoroga unga wa dengu na maji uwe mwepesi kama maziwa mazito, nao unashika vizuri, una protini nyingi kwa hiyo unapata rangi haraka, ila uangalie usiungue.

Unga wenyewe haulingani. Wa mchele unatoa ganda kavu la kuvunjika, lakini peke yake una chembechembe kidogo. Kornfloa, ile nyeupe laini kabisa ambayo ni wanga mtupu wa mahindi, inatoa utando mwembamba mwororo. Ukichanganya vijiko 4 vya unga wa mchele na 2 vya kornfloa unapata kitu kizuri kwa kichwa kimoja cha wastani cha koliflawa. Wanga wa muhogo ukiwa mwembamba ni mzuri, ukiwa mnene unakuwa wa kuvutika, kwa hiyo usizidishe. Unga wa lozi watu wanausifu sana kwa vyakula visivyo na ngano lakini kwa kazi hii siupendi kabisa, una mafuta mengi na wanga kidogo sana, unaungua kabla haujakauka. Kwenye huo mchanganyiko naongeza nusu kijiko cha chai cha beking pauda isiyo na ngano, inatoa vipovu vya gesi ndani ya ganda na ganda lenye vipovu lina kuta nyembamba, linavunjika kirahisi. Chumvi na viungo hapo ni wewe tu.

Kwa mboga zenye maji mengi kama zukini na biringanya kuna hatua ya kabla ya yote. Kata vipande vya unene wa nusu sentimita hadi moja, nyunyizia chumvi kama kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo, acha dakika 20 mpaka 30. Utaona matone yanatoka juu ya kila kipande kama jasho, baadaye chini ya bakuli kuna maji kabisa. Chumvi inayavuta kutoka ndani ya seli. Suuza haraka kama unaona chumvi imezidi, kunja kwenye kitambaa safi, kamua kwa nguvu, usione huruma. Koliflawa na karoti hazihitaji hili, kuzikausha baada ya kuosha kunatosha.

Halafu joto. Kuna kitu kila mtu amekifanya bila kukiwaza: oveni ipo nyuzi 200, unaingiza mkono kuchukua trei, hewa ya humo ndani haikuunguzi. Gusa trei bila kitambaa sasa, kidole kimekwisha. Joto ni lilelile moja, ila hewa inapitisha joto vibaya sana na chuma kinapitisha vizuri. Ndo maana kukaanga kwenye mafuta kunatoa ukrispi haraka, mafuta yanaigusa mboga kila upande, na kwenye oveni tumezungukwa na hewa. Kwa hiyo itumie trei: iweke ndani ya oveni tangu unaiwasha, nyuzi 220 (kama oveni yako ina feni weka 200), iache ipate moto kabisa, itoe, mwagia vijiko viwili vya mafuta, panga mboga usikie inalia "shaa". Ukiikata koliflawa iwe na upande bapa na ukalaza huo upande chini, utapata rangi ya kahawia ambayo hewa peke yake haikupi. Mafuta usiyaogope hapa, ni kidogo na yanajaza yale mapengo kati ya unga na trei ili joto lipite. Paka na juu pia, panapokosa mafuta ndo pale panapobaki na vumbi jeupe.

Na tafadhali usirundike. Hili nalirudia kwa kila mtu anayeniuliza kwa sababu ndo linalowaangusha wengi, wanafanya kila kitu sawasawa halafu wanabana kilo nzima kwenye trei moja ili wamalize haraka. Kila kipande kinatoa mvuke, na kikiwa kimegusana na mwenzake mvuke hauna pa kwenda, unamlowanisha jirani. Acha nafasi ya upana wa kidole. Trei mbili, au mikupuo miwili. Dakika 15 geuza, na ukifika kama 20 fungua mlango wa oveni sekunde chache, utapigwa na wingu la mvuke usoni, simama pembeni kidogo. Hayo yote ni maji ambayo yangerudi kwenye ganda lako. Jumla ni dakika 25 hadi 30, ila angalia rangi, siyo saa.

Zikitoka usizimwage kwenye sahani. Ziweke juu ya wavu wa waya, ule wa kupozea keki, ili chini pia papumue. Mchuzi wa kuchovya unakaa kwenye bakuli lake pembeni. Ganda la wanga likipata unyevu linaacha kuwa kioo linarudi kuwa ngozi, na ndani ya kipande bado kuna maji yanayosafiri taratibu kuja nje, kwa hiyo hata ufanye nini, ubora wake ni dakika 10 au 15 za kwanza. Walaji wakae mezani ndo utoe trei. Zilizobaki zirudishe kwenye oveni ya moto dakika 5 hadi 8, utashangaa zinavyofufuka, maikrowevu inazimaliza kabisa.

Sasa kwa wanaopika kwa ajili ya mgonjwa, na hapa naomba muwe makini kweli. Siliaki inakadiriwa kumpata kama mtu 1 kati ya 100 duniani, kinga ya mwili inashambulia utumbo mwembamba kila gluteni inapoingia, na hakuna dawa, ni kuacha tu ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano). Daktari wa watoto Mholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa anaishuku ngano tangu miaka ya 1930, na ile njaa ya Uholanzi ya 1944 hadi 1945 ilipoondoa mkate mezani, watoto wagonjwa wakapata nafuu, mkate uliporudi wakaugua tena. Akaiandikia tasnifu mwaka 1950. Kiwango kinachokubalika kimataifa kuita chakula "bila gluteni" ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo moja ya chakula, na hiyo ni kidogo kiasi kwamba makombo ya mkate kwenye trei yanatosha kuharibu. Moto wa oveni hauui gluteni, isije mtu akakwambia ukioka sana inaisha. Trei lazima ioshwe vizuri au utandike karatasi ya kuokea, chujio lililochekecha unga wa ngano usilitumie, mafuta yaliyokaangiwa vitu vya ngano usiyaguse.

Na soma pakiti. Sosi ya soya nyingi zina ngano ndani. Beking pauda nyingine wameweka wanga wa ngano. Cornflakes za kusaga, ambazo watu wanazipenda sana kama ganda kwa sababu jina ni la mahindi, nyingi zimetiwa kimea cha shayiri kwa ajili ya ladha. Hizo nilizinunua mimi mwenyewe, nimeshafungua pakiti, nimeshasaga bakuli zima, mdogo wangu akaichukua pakiti akaanza kusoma maandishi madogo ya pembeni akiwa amesimama pale jikoni, akanionyesha neno kwa kidole bila kusema kitu. Tukaosha kila kilichoguswa, tukaanza upya na unga wa mchele, na trei ile alikula mpaka akakwangua vile vipande vya ganda vilivyobaki kwenye waya.