Kwa nini kolesteroli ya mwanamke hupanda anapofika miaka hamsini, hata kama chungu chake ni kilekile?

Shangazi yangu hatupi karatasi. Stakabadhi za umeme, kadi za kliniki za watoto ambao sasa nao wana watoto, na majibu yote ya maabara aliyowahi kupewa, vyote vimelala katika bahasha moja ya kaki. Siku moja alichomoa karatasi mbili akaziweka mezani. Ya kwanza ni ya alipokuwa na miaka 46: kolesteroli yote kwa jumla 5.1 (kipimo ni milimoli kwa lita ya damu), na ile iitwayo LDL 3.0. Ya pili ni ya miaka 52: jumla 5.8, LDL 3.6. Aliyempa majibu ya pili alimwambia apunguze mayai na nyama.

"Mayai gani?" akaniuliza.

Swali lake lilikuwa la haki. Nyama kwake ni ya sikukuu, uzito haujabadilika, na gauni alilovaa kwenye harusi ya bintiye bado linamkaa vizuri. Katika miaka ile sita kimebadilika kitu kimoja tu, na hakuna aliyemuuliza habari zake: hedhi ilikuwa imekoma.

Sehemu kubwa ya kolesteroli ya mwili haitoki kwenye sahani. Mwili huitengeneza wenyewe, na ini ndilo fundi mkuu. Wala si takataka. Utando wa kila seli unaihitaji, na homoni ya estrojeni yenyewe hutengenezwa kutokana nayo. Wapo wanaoiita lehemu, neno lilelile la kile kitu anachoyeyusha fundi redio akiunganisha nyaya. Aliyelichagua alikuwa na jicho, maana ni kitu kinachoganda na kushika.

Sasa, kolesteroli ni ya jamii ya mafuta na damu ni majimaji, kwa hiyo haiwezi kuogelea peke yake. Hubebwa. LDL ni mojawapo ya vyombo vinavyoibeba, na ukipenda ichukulie kama jahazi. Majahazi haya huzunguka mwilini yakishusha shehena, na yanayobaki hurudi kutia nanga kwenye ini. Ila ili jahazi litie nanga lazima kuwe na gati. Seli za ini zina gati zake, vipokezi maalumu vinavyoikamata LDL na kuivuta ndani ikavunjwe. Vipokezi hivyo viligunduliwa miaka ya 1970 na Michael Brown na Joseph Goldstein huko Dallas, Marekani, walipokuwa wakichunguza familia ambazo watu wake hupata mshtuko wa moyo wakiwa bado wadogo. Mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Hapo ndipo estrojeni inapoingia. Homoni hii hulihimiza ini kuweka gati nyingi. Msichana wa miaka 25 na mama wa miaka 40 wote wana msaidizi huyu anayeondoa LDL kwenye damu usiku na mchana, bila wao kufunga wala kukimbia asubuhi. Ovari, vifuko vya mayai ya uzazi vinavyotengeneza estrojeni, zikipumzika hedhi inapokoma, msaidizi anaondoka. Gati zinapungua, majahazi ni yaleyale, na foleni inaanza baharini. Chakula hakijabadilika, lakini namba kwenye karatasi imepanda.

Unaweza kudhani huo ni uzee tu. Wengi walidhani hivyo, mpaka utafiti wa Marekani uitwao SWAN ulipowafuatilia wanawake wa asili mbalimbali, mwaka hadi mwaka, kabla na baada ya hedhi ya mwisho. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba presha na sukari hupanda taratibu kufuatana na umri, lakini LDL hufanya jambo tofauti: huruka ndani ya muda mfupi, katika miezi inayoizunguka hedhi ya mwisho. Kwa hiyo mama aliyeambiwa akiwa na miaka 45 kwamba kolesteroli yake haina neno, akaiweka karatasi kabatini, karatasi hiyo inamweleza mwanamke ambaye si yeye tena.

Je, namba ikipanda leo, moyo unashtuka kesho? Hapana, na ucheleweshaji huu ndio uliotudanganya kwa muda mrefu. Majahazi yanayozurura huanza kupenya kwenye kuta za mishipa. Chembe za kinga huja kuyala, hushiba kupita kiasi, hukwama palepale, na mahali hapo panajengeka uvimbe wa mafuta. Kazi hiyo ni ya miaka. Siku uvimbe unapopasuka, au uso wake unapochubuka (kuchubuka huku huonekana zaidi kwa wanawake wenye umri mdogo), damu huganda juu yake na mshipa wa moyo huziba. Utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, uliofanyika katika nchi 52, ulikuta wanawake hupata mshtuko wao wa kwanza takriban miaka tisa baada ya wanaume. Miaka tisa ikatosha kuufanya uonekane ugonjwa wa kina baba.

Na watafiti walifanya kazi kama kweli ni ugonjwa wa kina baba. Jaribio kubwa la Marekani lililoitwa MRFIT lilihusu watu 12,866, wote wanaume. La dawa ya kolesteroli lililotangazwa mwaka 1984 lilikuwa la wanaume 3,806. La Uskoti la mwaka 1995, wanaume 6,595. Hata estrojeni yenyewe, ilipojaribiwa kuwakinga waliokwisha kupata mshtuko, walipewa wanaume! Dozi kubwa ikasitishwa mwaka 1970 kwa sababu iliwaongezea mishtuko badala ya kuipunguza. Ukisoma historia hii hujui ucheke au usikitike.

Lililofuata lilionekana rahisi: kama tatizo ni kuondoka kwa estrojeni, si irudishwe? Mamilioni ya wanawake wa Ulaya na Marekani walimeza vidonge kwa imani hiyo, na kweli LDL yao ilishuka. Kisha mwaka 2002 utafiti wa Women's Health Initiative ukasimamisha jaribio la wanawake 16,608 waliogawanywa kati ya wanaopewa homoni mbili kwa pamoja (estrojeni na projestini) na wanaopewa vidonge bandia. Waliopewa homoni walipata mishtuko ya moyo zaidi, pia kiharusi na saratani ya matiti. Namba ya karatasi ilishuka, moyo haukunufaika. Sababu mojawapo ni kwamba estrojeni ya kumeza huifanya damu igande kirahisi zaidi. Nyingine ni umri: wanawake wale walikuwa na wastani wa miaka 63, na mishipa ya wengi wao ilikwisha kuanza kuharibika. Leo homoni hutolewa kwa wanaoteswa na joto la ghafla na kukosa usingizi, hasa wakiwa karibu na umri wa kukoma hedhi, wala si kama kinga ya moyo.

Dawa za statini, zinazotumiwa kushusha kolesteroli, hufika kwenye gati zilezile kwa njia nyingine. Mjapani Akira Endo alianza kuzitafuta kwenye ukungu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hulizuia ini lisitengeneze kolesteroli yake, nalo likiona limepungukiwa hujenga gati zaidi ili livute kutoka kwenye damu. Wanawake walipokuja kuhesabiwa vya kutosha, ilionekana kwamba kwa wenye hatari sawa zinawakinga karibu sawa na wanaume.

Na mayai? Kwa watu wengi kolesteroli iliyomo kwenye chakula huigusa ile ya damu kidogo tu. Kinachopunguza gati za ini ni mafuta yanayoganda, na hapo baadhi yetu hatutapenda jibu. Mafuta ya nazi ni ya aina hiyo kwa zaidi ya asilimia 80, mawese karibu nusu. Tui la wali wa Ijumaa si sumu, lakini tui kila siku, pamoja na chapati za mafuta mgando, ni habari nyingine. Chupa ya mafuta iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina kolesteroli inasema kweli isiyo na faida: hakuna mafuta ya mmea yaliyo na kolesteroli ya kutajwa, ya nazi yakiwemo. Upande wa pili wako maharage, kunde na bamia, ambazo utelezi na nyuzi zake hulilazimisha ini kutumia kolesteroli zaidi kutengeneza nyongo.

Hata hivyo, 5.8 ya shangazi si 5.8 ya kila mtu. Mwingine ana jumla hiyohiyo kwa sababu HDL yake, chombo kingine kinachobeba kolesteroli, ile inayoitwa nzuri, ni kubwa, na LDL ni ya kawaida tu. (HDL kubwa nayo isimlevye mtu: dawa zilizotengenezwa kuipandisha hazikuzuia mishtuko kama ilivyotarajiwa.) Mwingine ana kisukari, ambacho humwondolea mwanamke sehemu kubwa ya ile nafuu aliyokuwa nayo juu ya wanaume. Mwingine anavuta sigara, au hedhi yake ilikoma kabla ya miaka 40, au aliondolewa ovari mapema. Na mtu akianza kuhema bila sababu, kichefuchefu, jasho la baridi, maumivu ya taya au mgongo pamoja na kifua kubana, aende hospitali saa hiyohiyo. Wanawake wengi hubaki nyumbani wakinywa dawa za vidonda vya tumbo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 majedwali mapya ya kukadiria hatari hii, yakiwemo ya ukanda wetu wa Afrika Mashariki. Yanauliza umri, jinsia, sigara, presha, kisukari na kolesteroli ya jumla. Hayaulizi mimba zilikwendaje, ingawa inajulikana kwamba mwanamke aliyepata kifafa cha mimba, au presha kali iliyokitangulia, ana hatari ya ugonjwa wa moyo takriban mara mbili ya mwenzake.

Nilipomweleza shangazi hilo alinyamaza kidogo, akaivuta bahasha, akapekua hadi chini kabisa. Kadi ya kliniki ya mimba yake ya mwisho ilikuwa imefifia, lakini presha ilisomeka, 160/100, na kando yake, kwa wino mwekundu, neno moja: alazwe. Tulipokwenda kwa daktari wiki iliyofuata, tulikwenda na karatasi tatu.