Siku ya tano: kwa nini singo maza anahitaji jicho la pili

Mimi ni nesi mkunga na ni singo maza wa watoto wawili. Watu wananiuliza sana imekuaje nimelea peke yangu, nikasoma, na bado napata muda wa kuzunguka mtaani kuwaangalia wamama waliojifungua, na wengi wanategemea niwaambie nilipiga moyo konde nikapambana, basi. Kupambana nilipambana kweli na Mungu kanisaidia sana, ila kuna kitu kimoja cha kawaida kabisa nataka nikieleze leo maana kinaokoa watu, nacho ni kuwa na mtu wa kukuona kwa macho yake.

Nianze na siku ya tano. Mtoto wangu wa kwanza alikua na siku tano, baba yake alishaondoka mimba ikiwa na miezi sita, niko chumbani peke yangu na tangu asubuhi nasikia baridi. Nikajua ni uchovu tu maana usiku mzima sikulala, nikajifunika blanketi nikaendelea kunyonyesha. Mchana kichwa kinazunguka, tumbo la chini linauma, damu inayotoka ina harufu siielewi, na mi bado najiambia uchovu huo, kesho utaisha. Jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima, akaja kurudisha beseni. Alisimama mlangoni akanitazama mikono, nilikua nimempakata mtoto na mtoto anatikisika kwa jinsi nilivyokua natetemeka, akasema "mwanangu, hebu nipe huyo mtoto." Akamchukua, akanigusa shingo kwa mgongo wa mkono wake, na hakuuliza kitu kingine, alitoka akatafuta usafiri tukaenda hospitali. Nilikua na maambukizi kwenye kizazi. Ni ugonjwa unaotibika vizuri kwa antibaiotiki ukiwahi, na ukichelewa unaweza kuingia kwenye damu na kuua.

Nilikuja kulielewa vizuri lile jambo nikiwa darasani miaka kadhaa baadaye. Homa kali au damu ikipungua mwilini, akili ndo inaanza kuchoka, kwa hiyo yule yule anayetakiwa kuamua "hapa pana hatari" ndo ameshapoteza uwezo wa kuamua vizuri. Kwenye nyumba yenye watu wazima wawili mmoja atasema mbona umepauka, mbona unaongea vitu havieleweki, twende hospitali. Mzazi wa peke yake hana huyo mtu. Na juu ya hapo ana sababu mia za kujidanganya, nitamwacha nani na mtoto, hela ya usafiri iko wapi, nikilazwa je, kwa hiyo anajiambia uchovu, na anaamini kabisa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mama na mtoto waonwe ndani ya saa 24 za kwanza, halafu kati ya saa 48 na 72, halafu kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Ratiba nzuri sana, naifuata na naifundisha. Lakini hebu angalia katikati, kuna nafasi kati ya siku ya tatu na ya saba, na kuna nafasi kubwa zaidi kati ya wiki ya pili na ya sita, na mwenye mwenza au mama yake karibu nafasi hizo zinazibwa na watu wa nyumbani bila hata wao kujua wanafanya kazi ya kitabibu. Singo maza hana wa kumzibia nafasi hizo. Mi nazunguka humo.

Sasa nikifika naangalia nini. Kabla hata sijatoa mashine ya presha namwangalia anavyoinuka kuja kunifungulia, kama ameshika ukuta, kama midomo imepauka. Nauliza damu, sio "damu vipi" maana atajibu nzuri tu, nauliza pedi ya mwisho umebadilisha saa ngapi na ililowa kiasi gani, kwa sababu pedi inayolowa yote ndani ya saa moja ni ya kukimbizwa hospitali hapo hapo. Nauliza kichwa. Wengi hawajui kwamba kifafa cha mimba kinaweza kumpata mtu hata akishajifungua, mtu anadhani mtoto akitoka presha nayo imeisha, kumbe kichwa kinachogonga bila kuacha, kuona ukungu au vimulimuli na maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu ni dalili hata wiki kadhaa baadaye. Naangalia miguu yote miwili, mmoja ukiwa umevimba na unauma kuliko mwenzake inaweza kua damu imeganda kwenye mshipa, na hiyo ikihamia kwenye mapafu inaweza kuleta kifo cha ghafla. Akiwa na homa, au damu ina harufu, tunaondoka.

Mtoto naomba anyonye nikiwepo nione. Mtoto asiyenyonya vizuri, aliyelegea, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika wakati ametulia, mwenye joto la mwili kuzidi 37.5 au chini ya 35.5, au mwenye umanjano kwenye viganja na nyayo, huyo hasubiri kesho. Na kama degedege limemshika hata mara moja, hali kadhalika.

Halafu kuna kitu ambacho kipimajoto hakikioni. Kulia lia kuanzia siku ya tatu hivi ni kawaida sana, homoni zinashuka kwa kasi na usingizi hamna, na kwa wengi inaisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, au mama akawa halali hata mtoto akilala, hasikii raha ya kitu chochote, anaona mtoto angekua bora bila yeye, hiyo ni sonona na ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. WHO wanasema karibu asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua duniani wanapata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwenye nchi zinazoendelea ni karibu asilimia 20, yaani mmoja kati ya watano. Natumia maswali 10 ya kipimo cha Edinburgh, cha kutambua sonona baada ya kujifungua, kilichochapishwa mwaka 1987, yanauliza ulivyojisikia siku saba zilizopita. Swali la kumi linauliza kuhusu kutaka kujidhuru na hilo silirukagi hata siku moja, hata mama awe anacheka. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo kichwani, nawaomba sana muelewe hapo. Kuna mama alinijibu lile swali akiwa anakunja nguo za mtoto, hakuinua uso, akasema "ndio, jana usiku", akaendelea kukunja. Nilikaa naye mpaka ndugu yake akaja tukampeleka pamoja.

Kusoma ukunga na mtoto mdogo ilikua ngumu, sitaki kuipamba. Kuna mwalimu aliniambia nichague mtoto au kozi, niliumia sana. Ila tulikubaliana na yule bibi jirani, usiku wa zamu mtoto analala kwake, na mimi Jumamosi namfulia na kumpima presha kila wiki, na aliandika kwenye kalenda yake ya ukutani usiku gani ni wa nani. Ile kalenda ndo ilinisomesha. Watu wengi walikua wananiambia ukihitaji kitu chochote sema, na walikua wanamaanisha, lakini mtu aliyechoka vile hana nguvu ya kufikiria anahitaji nini na amwambie nani, akishindwa kufikiria ananyamaza na wao wanaona yuko sawa. Bibi alikua anasema "Jumanne na Alhamisi mtoto niko naye mimi." Imeisha. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na una jirani wa hivyo, taja siku na taja saa, mwambie kesho saa kumi nakuja kumshika mtoto kwa muda wa saa moja na nusu ulale, halafu uende kweli.

Nilipoajiriwa nikaanza kuandika kwenye daftari wamama wanaotoka wodini bila mtu wa kuwapokea, kila anayekubali namfuata nikitoka zamu. Peke yangu nilishindwa haraka. Sasa hivi tuko wanawake kumi na moja, wengi ni singo maza ambao mimi nilishawahi kugonga mlango wao, na kila mmoja ana mama wawili tu wa kuwaona kwa macho, sio kwa simu. Kwa simu kila mtu anasema niko poa. Hawa wenzangu sio manesi, nimewafundisha dalili za hatari na kazi yao ni kuona na kunipigia au kumkimbiza hospitali, dawa hawatoi kabisa, hilo nimekua mkali sana. Na wababa wapo pia. Mmoja mkewe alifariki wakati wa kujifungua, tulimwona miezi minne, alikua anabadilisha nepi vizuri kuliko sisi wote ila alikua halali.

Kuna kipindi nilizidisha. Nilikua natoka zamu naenda kwa wamama narudi usiku, na mwanangu mkubwa akiwa na miaka saba alichukua lile daftari akaandika jina lake kwenye ukurasa wa Ijumaa, chini ya majina ya wamama, kwa penseli, na pembeni akaweka saa kumi na moja. Nilipoliona nililia jikoni. Tangu siku hiyo Ijumaa jioni sitoki, mwenzangu mmoja anashika simu, na kiukweli hakuna mama aliyeachwa kwa sababu ya Ijumaa yangu. Kama wewe ni mzazi wa peke yako na unataka kuhudumia watu, anza na mtu mmoja, na siku ya watoto wako iandike kwanza kabla ya ya mtu mwingine yeyote.

Yule bibi sasa ni mzee, macho yamepungua, mi ndo namwandikia kalenda. Kesho asubuhi kabla ya zamu naenda kwa binti mmoja aliyejifungua mapacha, yuko peke yake, kesho anafikisha siku ya tano.