Mwenye Kisukari Akiugua: Maswali Kuhusu Insulini

Daktari wa homoni anahusika vipi na kisukari?
Insulini ni homoni. Kongosho ikiitoa kidogo, au mwili ukikosa kuisikia, sukari hubaki kwenye damu. Daktari huyu hupanga aina ya dawa, kipimo na saa, kisha hurekebisha kwa kusoma daftari lako la vipimo. Ukija na daftari tupu, atabaki kukisia. Pia huagiza kipimo cha damu kiitwacho HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Kukosa chai asubuhi ya kliniki hakukibadilishi.

Natapika, sili kitu. Niache insulini?
Hapana. Usiache. Mwili unaougua hutoa homoni za msongo, kotisoli na adrenalini, na ini humwaga sukari kwenye damu hata tumbo likiwa tupu. Insulini ikikosekana, mwili huyeyusha mafuta na damu hujaa asidi. Mgonjwa huona kiu, hukojoa mno, tumbo humuuma, huhema kwa nguvu, na pumzi hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Pima sukari kila baada ya saa mbili hadi nne, kunywa maji kidogo kidogo, na upigie kliniki simu: kipimo huenda kikapunguzwa au kuongezwa. Kuacha kabisa, hapana.

Ukihema hivyo, au kutapika kusipokoma, nenda hospitali leo leo. Usingoje msongamano wa Jogoo Road upungue, wala usianze kwanza na chupa ya mitishamba.

Glukomita, mashine ya kupima sukari, imesoma 6 (mmol/L). Si nimepona?
Imesoma 6 kwa sababu unadunga. Tafadhali, usiache.

Nadunga kila siku, mbona sukari haishuki?
Daktari atakuomba ufunue tumbo, alipapase. Mara nyingi vidole hukuta kinundu laini kando ya kitovu, mahali unapodunga kila siku kwa kuwa hapaumi tena. Insulini haifyonzwi vizuri hapo. Kila siku sogea upana wa vidole viwili, na kinundu ukiache kabisa. Ile insulini nyeupe kama maziwa, ibiringishe kati ya viganja mara kumi bila kuitikisa. Iliyoganda kwenye friza imeharibika. Itupe hata ikiyeyuka. Huna friji? Chupa unayotumia huweza kukaa ndani ya chungu cha udongo kilichowekwa kwenye maji, kivulini, na isipite wiki nne.

Je, sukari ikishuka mno?
Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au ukitokwa jasho na kutetemeka, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi, unywe. Pima baada ya dakika 15. Ikiwa bado chini, rudia, kisha ule. Aliyezimia asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali. Na ukipata nafuu, usiamue mwenyewe kuacha sindano kwa hofu. Mpigie daktari siku hiyo hiyo akupunguzie kipimo.