Mfumo unasema zipo nne, rafu ni tupu

"Kaka, mtandao wenu unaonyesha zipo nne. Hebu nenda ukaangalie vizuri huko nyuma."

Yeyote anayeshughulika na stoku kwenye supamaketi ameisikia sentensi hiyo mpaka masikio yameota sugu. Ndani yake mna imani kwamba namba iliyo kwenye kompyuta ilihesabiwa, kwa hiyo bidhaa ipo. Na kama ipo lakini haionekani rafuni, basi iko stoo, na huyu kijana anayesema "zimeisha, mama" ama ni mvivu ama kuna mtu anamwekea. Nimechoka kuijibu kwa mdomo, mteja mmoja mmoja. Leo naiandika.

Namba ile haikuhesabiwa. Hakuna aliyeitazama rafu. Kompyuta ilichukua idadi iliyoandikwa siku duka lilipohesabiwa mara ya mwisho, ikajumlisha zilizopokelewa kwenye GRN (hati ya kupokelea mzigo), ikatoa zilizopita kaunta, ikaweka na marekebisho na mizigo iliyohamishiwa matawi mengine. Kilichobaki ndicho unachokiona kwenye simu yako. Ni salio la daftari. Muuza duka wa mtaani anajua kwamba daftari likisema elfu mbili na kisanduku kikiwa na elfu moja mia tano, ukweli uko kisandukuni. Mteja analielewa hilo vizuri sana mtaani kwake. Akiingia kwenye duka lenye viyoyozi na skrini, analisahau mlangoni.

Na salio hilo hukosea mara nyingi kuliko mameneja wanavyopenda kukubali. Mwaka 2008 watafiti Nicole DeHoratius na Ananth Raman walichapisha uchunguzi wa rekodi karibu 370,000 kutoka maduka 37 ya muuzaji mmoja mkubwa wa rejareja: asilimia 65 ya rekodi hazikulingana na kilichokuwepo dukani. Hilo lilikuwa duka lenye mitambo na watu wa kutosha.

Sababu ambayo kila mteja huitaja kwanza ni wizi. Upo, sitaueleza. Inayonikera mimi ni ile isiyoonekana kabisa, na kila mmoja wetu ameishuhudia kaunta bila kujua anachokitazama.

Mteja analeta yogati sita za kampuni moja, bei moja: tatu za stroberi, tatu za vanila. Foleni imefika kwenye friji. Keshia anachukua stroberi moja, anaskani, anabonyeza 6, anatia zote kwenye mfuko. Pesa ni sawasawa hadi senti ya mwisho. Risiti haina kasoro, mteja hana neno, keshia akifunga hesabu jioni hana upungufu. Lakini kwenye mfumo stroberi imepungua sita wakati zimetoka tatu, na vanila haijapungua hata moja. Tayari una vanila tatu ambazo hazipo popote duniani. Serikali zetu zina wafanyakazi hewa. Sisi tuna stoku hewa, na huzaliwa hivi, tatu leo, mbili keshokutwa, mbili tena wikendi.

Sasa fuata hesabu. Baada ya siku kadhaa vanila rafuni ni 0, kwenye mfumo ni 7. Kiwango cha kuagiza kimewekwa 6, yaani stoku ikifika 6 mfumo unatoa oda wenyewe. Saba ni zaidi ya sita, kwa hiyo hakuna oda. Kesho je? Rafu ni tupu, hakuna kitakachouzwa, kwa hiyo 7 itabaki 7. Na keshokutwa 7. Namba ya uongo ikishapita kiwango cha kuagiza hujifungia ndani na kumeza ufunguo: haiwezi kushuka kwa sababu hakuna cha kuuza, na haiji bidhaa mpya kwa sababu haishuki. Ndiyo maana kitu kimoja kinaweza kukosekana mwezi mzima huku jirani zake wote wamejaa, na wewe unadhani kampuni imeacha kukitengeneza.

Upande wa stroberi mambo ni kinyume. Rafuni zipo 9, mfumo unasema 2, oda inatoka, katoni inafika, yogati zinalala mpaka muda unaisha. Mtu anazitoa kuzitupa. Akisahau kuziandika kwenye daftari la uharibifu, tumezalisha stoku hewa nyingine. Haya yote kwa sababu ya kidole kimoja kilichobonyeza 6. Keshia anayeskani kila kipande peke yake mnamwita mzembe na kumsonya; ndiye anayewafanya mpate vanila wiki ijayo.

Chanzo cha pili ni mlango wa kupokelea mizigo. Unga wa mahindi huja kwa belo, pakiti 12 za kilo mbili. Karani akipokea belo 10 na kuandika 10 kwenye safu ya pakiti badala ya 120, ikiuzwa pakiti ya kumi na moja mfumo unaingia chini ya sifuri, na baada ya siku mbili unasoma −40. Hilo angalau linapiga kelele, mtu ataliona. Baya ni la kimyakimya: kiwanda kimepunguza katoni kutoka vipande 12 hadi 10, na hakuna aliyebadilisha taarifa za bidhaa ofisini. Kila katoni inayoingia inaleta vipande viwili hewa. Katoni tano, vipande kumi. Ankara iko sawa kwa sababu inahesabu katoni, malipo yako sawa, kila sahihi ipo mahali pake.

Mboga na matunda ya kupima ni ulimwengu mwingine. Ile stika inayotoka kwenye mizani ina barkodi inayoanza na 2, kwa sababu namba za 20 hadi 29 zimeachiwa maduka yenyewe. Ndani yake mmefichwa namba ya bidhaa na uzito au bei. Mpimaji akibonyeza namba ya kitunguu cheupe badala ya chekundu, kaunta haina namna ya kujua. Stoku ya mboga mimi siiamini hata kidogo, naangalia kwa macho. (Na kwa kuwa tumefika kwenye barkodi: 616 mwanzoni haimaanishi kitu kimetengenezwa Kenya. Inamaanisha namba ilitolewa na GS1 Kenya, shirika linalogawa namba za barkodi. Tafadhali tuache kupeana elimu hiyo kwenye makundi ya WhatsApp.)

Turudi huko nyuma. Watu wanapafikiria kama ghala la mfalme. Mkate na maziwa havilali stoo kabisa, vinatoka kwenye gari moja kwa moja hadi rafuni. Kilichoko stoo ni vitu vizito na vya kasi: unga, sukari, mafuta, sabuni, tishu, juu ya paleti zilizofungwa nailoni. Zile bidhaa mnazouliza, kipande kimoja kimoja, mafuta ya nywele ya aina fulani au balbu ya wati tisa, hukaa rafuni zote kwa sababu katoni yake ina vipande sita na rafu ina nafasi ya vinane. Mhudumu anayekwenda nyuma kukuangalizia balbu anakwenda kusimama dakika mbili kando ya ndoo za kupigia deki, kisha anarudi kukuambia hakuna. Anajua kwamba akikujibu papo hapo utasema hakuangalia.

Ila kuna siku moja ambapo "angalia nyuma" ni swali la mwenye akili, nayo ni siku mfumo unaposema 0. Mzigo ukishashushwa asubuhi na GRN haijaingizwa, bidhaa iko sakafuni na kompyuta haina habari. Kwa hiyo mambo yako kinyume na mnavyofikiri: mfumo ukisema nne nina shaka, ukisema sifuri siku ya mzigo nina matumaini.

Badala ya kugombana, uliza maswali mawili kwenye dawati la wateja, na yeyote mwenye skrini anaweza kuyajibu: mara ya mwisho kitu hiki kuuzwa ni lini, na mara ya mwisho kupokelewa ni lini? Bidhaa inayotoka tano kwa siku, mfumo unasema zipo nne, na mara ya mwisho kuuzwa ni siku tisa zilizopita: hiyo ni stoku hewa, usimsumbue mtu. Ikiwa imeuzwa leo saa nne asubuhi, zunguka duka, huenda iko kwenye rafu ya ofa kule mwisho wa safu au ndani ya toroli la mtu aliyeghairi. Na ukiona kwenye programu ya kuagizia kwamba zipo 1, 2 au 3, hesabu kwamba hakuna. Namba ndogo ndizo zenye uongo mwingi, kwa sababu kosa la vipande viwili haliharibu 80, lakini ndilo 2 yenyewe.

Ukipiga simu tawini, usiulize "mnazo?" Mtu atasoma skrini na kukwambia "ndiyo, karibu." Mwambie hivi: "Dada, naomba ukishike mkononi unisomee tarehe ya kuisha muda." Tarehe hiyo haimo kwenye mfumo wa maduka mengi. Iko kwenye kopo tu. Kama haina tarehe, aisome namba ya toleo iliyogongwa chini.

Mtaniuliza, mbona mhudumu akigundua hasahihishi? Kwanza hana ruhusa, marekebisho hufanywa na mtu wa stoku au meneja wa tawi. Pili, kila marekebisho ya kushusha yanaonekana makao makuu kama hasara, na yako maduka ambayo hasara hiyo hugawanywa kwenye mishahara ya waliokuwa zamu. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinaruhusu kumkata mtu kwa hasara aliyoisababisha kwa makusudi; kugawa yogati hewa kwa zamu nzima si jambo hilo. Lakini hofu ipo, na mwenye hofu haandiki sifuri. Anaiacha 7 ikae.

Vitabu vinasema dawa ni kuhesabu sehemu ndogo kila siku badala ya kusubiri hesabu kubwa ya mwisho wa mwaka. Nakubali, kwa shingo upande. Mtu anayehesabu saa moja jioni, amechoka, wateja wanachukua vitu mbele yake, hugeuza namba sahihi kuwa mbovu kama vile anavyorekebisha mbovu. Na ukiweka sifuri kwa kitu ambacho kumbe kilikuwa kimewekwa rafu nyingine, mfumo unaagiza katoni mpya, kisha zile za kwanza zinajitokeza. Ninachokiamini zaidi ni zoezi la kijinga: kila asubuhi kabla ya kufungua, tembea na karatasi, andika mashimo ya rafuni tu, halafu angalia yale ambayo mfumo unasema yana stoku. Nusu saa inatosha tawi la kawaida. Usihesabu vilivyopo, tafuta visivyokuwepo.

Na haya, niseme na hili: kuna nyakati vitu hufichwa kweli. Mwaka 2017 Kenya, unga wa ruzuku wa shilingi 90 kwa kilo mbili ulipokuwa ukipimwa pakiti chache kwa mteja, asemaye hakuna aliyewekewa na rafiki yake anawadanganya. Sukari ikiadimika ni vivyo hivyo. Lakini hakuna anayemfichia mtu balbu.

Upo ugonjwa mwingine unaofanana na huu kwa macho, na huo ndio wa kuogopa. Stoku hewa hutoboa shimo moja kati ya bidhaa zilizojaa. Ukiona safu nzima ya kampuni moja imetoweka, nafasi yake imetandazwa maji ya chupa au tishu, mstari mmoja tu wa mbele na nyuma yake hewa, hilo si kosa la keshia. Wasambazaji hawajalipwa na wamesimamisha mizigo. Rafu za Nakumatt, supamaketi kubwa ya Kenya, zilionekana hivyo 2017, kabla wadai hawajapiga kura 2020 kampuni ifungwe. Za Tuskys, supamaketi nyingine ya Kenya, zikafuata mwaka huohuo. Dalili nyingine ni wale vijana wenye fulana za kampuni za maziwa na sabuni. Hao si wafanyakazi wa duka, wameajiriwa na wasambazaji kupanga bidhaa zao, na ndiyo maana ukimuuliza mwenye fulana ya maziwa sukari iko wapi anakwambia hajui, wala hakuwa na dharau. Wakianza kupungua wote kwa wiki moja, waajiri wao wamewaita nyumbani. Kama una pointi kwenye kadi ya duka hilo au vocha ya zawadi, itumie siku hiyohiyo, hata kama ni kununua tishu.