Ukatili kazini kwenye nyumba za wazee: maana yake

Mhudumu anamvua bibi nguo ili amwogeshe, bibi anamng'ata mkono. Tukio hilo lina jina: ukatili kazini. Wengi hulikataa jina hilo, wakiwemo wabeba boksi wetu walioko Uingereza na Marekani wanaoishi kwa kazi ya kutunza wazee. "Yule mgonjwa, hajui atendalo," watakwambia. Ni kweli hajui. Jina linabaki palepale.

Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unahesabu kuwa ukatili tendo au tishio lisilokubalika, hata la mara moja, lililokusudiwa kudhuru, au lililodhuru, au linaloelekea kudhuru mtu kimwili, kiakili, kingono au kiuchumi. Ziangalie hizo "au". Si lazima pawe na nia. Madhara peke yake yanatosha. Kwa hiyo ngumi, kucha, mate, kushikwashikwa mwili na matusi ya rangi ya ngozi vyote vimo.

Kwa nini mzee apige? Mara nyingi ni demenshia, ule ugonjwa wa kusahau unaokula ubongo. Yeye haoni mhudumu. Anaona mtu asiyemjua anamvua nguo, naye anajitetea. Ndiyo maana visa vingi hutokea wakati wa kuogeshwa, kuvishwa na kubadilishwa nepi. Wakati mwingine ni maumivu asiyoweza kuyataja, au maambukizi ya mwilini, ambayo kwa mzee huweza kuvuruga akili ghafla. Aliyekuwa mpole jana akianza kurusha mikono leo, aitiwe daktari kabla ya kulaumiwa. Na wapo pia, tusidanganyane, wenye akili timamu wanaotukana kwa mazoea tu.

Kulitumia jina hili si kumshtaki mzee. Anayeulizwa ni mwajiri. Zamu ina wahudumu wangapi? Bibi akikataa kuoga, mhudumu anaruhusiwa kumwacha atulie na kurudi baadaye, au ratiba inamlazimisha amalize sasa hivi? Wamefundishwa namna ya kumtuliza? Mhudumu akificha alama ya meno chini ya mkono wa sare, akisema ndiyo kazi yenyewe, hakuna kinachoandikwa kwenye daftari la matukio, na mwenzake wa zamu ya usiku ataingia chumba kilekile bila kuonywa.